Ulimi wa Kituo

Kuna watu wanaodharau kwa maneno, na kuna wanaodharau kwa macho. Bwana Ulimi alidharau kwa pua. Akiingia ofisini asubuhi alivuta hewa mara moja kama mkaguzi wa vyoo, kisha akajibu salamu za watu kwa kadiri ya alichonusa. Katibu muhtasi alipata "salama". Dereva alipata "mm". Mlinzi wa getini, aliyekuwa na kosa la kupenda vitunguu vibichi, hakupata kitu. Alipitwa kama nguzo.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyelihitaji. Kazi yake ilikuwa kuonja. Kituo kile kilizalisha mbegu za mboga, na kila tunda lililotaka kwenda kwa wakulima lilipita kwanza mdomoni mwake. Alikata kipande, akatafuna huku akihesabu hadi ishirini, akatema kwenye ndoo, akasukutua kwa maji, akatafuna mkate mkavu, kisha akaandika namba. Sifuri, kama tunda halina uchungu. Tano, kama halifai hata kwa mbuzi. Basi. Ni kazi ambayo mtoto mchanga anaifanya bure na bila ndoo, lakini Bwana Ulimi aliifanya kwa uzito wa mtu anayetia saini mkataba wa kumaliza vita. Wakati akitafuna, mlango ulifungwa na simu zikazimwa. Mfagiaji aliyewahi kukohoa nje ya dirisha alihamishiwa upande wa mbolea.

Cheo hicho alikipata kwa bahati, ingawa yeye alikiita kipaji. Alianza kama kibarua wa palizi. Siku moja mkuu wa kituo wa enzi hizo aliwapanga vibarua kumi na wawili, akawapa vipande vya tunda chungu kupindukia, ajue nani ana ulimi mzuri. Kumi na mmoja walikunja nyuso, wakatema, mmoja akamtaja mama yake. Wa kumi na mbili akatulia. Akatafuna taratibu, akatazama dari, akasema nyama ya tunda hili imelegea upande wa mbegu, na ganda lina harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi.

"Hawa wengine wanalialia tu," mkuu akasema. "Huyu anapima."

Akapewa kiti, meza, koti jeupe na ndoo. Hakuna aliyejiuliza jambo dogo, kwamba mtu asiyeruka akikanyaga kaa la moto huenda si shujaa. Huenda mguu wake ni wa mbao.

Sasa, habari ya ndulele. Ndulele kila mtu anaijua: ile mimea ya miiba inayoota jalalani na kando ya njia, yenye vitunda vya manjano ambavyo hata ndege mwenye njaa anavifikiria mara mbili. Biringanya nalo kila mtu analijua, nene, la zambarau, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ukiwaona sokoni na jalalani huwezi kudhani wamewahi hata kusalimiana. Ni ndugu wa damu. Biringanya ni yule ndugu aliyechukuliwa na watu zamani sana, akalishwa, akanyolewa miiba, akafundishwa kuacha uchungu, na katika kufunzwa tabia njema akasahau kupigana. Ukiingia ugonjwa wa mnyauko shambani, biringanya linaamka kijani asubuhi, saa sita limeinamisha kichwa, keshokutwa ni kuni. Ndulele imesimama pale pale kwenye udongo ule ule mgonjwa, imejaa maua, kama mlevi aliyenusurika ajali.

Kwa hiyo kituo kikaamua kuwaozesha. Kazi hiyo ilikuwa ya Mkunga. Mkunga alikuwa mdogo wa mke wa Bwana Ulimi, mwanamke mwembamba wa maneno machache yenye ncha, na jina hilo alipewa kwa sababu ya vidole vyake. Alifungua ua la biringanya siku moja kabla halijafunguka lenyewe, akanyofoa kwa kibano vifuko vya chavua vya kiume kimoja kimoja, akapaka chavua ya ndulele kwenye ncha ya kike, akalifunika kwa kifuko cha karatasi, akafunga lebo. Mara elfu kwa msimu, kiuno kimepinda, ndani ya banda la neti lenye joto la tanuri.

Mtoto wa kwanza alikuwa aibu ya familia zote mbili. Miiba ya baba, uchungu wa baba, ukubwa wa kiazi kilichokosa mvua. Lakini kwenye udongo mgonjwa hakunyauka. Basi wakamrudisha kwa biringanya, na wajukuu wakarudishwa tena, na vitukuu tena. Kila ukirudisha, damu ya pori inapungua kwa nusu: nusu, robo, thumuni. Tatizo ni kwamba damu haikatwi kwa kisu kama mkate. Huchagui kipi kiondoke na kipi kibaki. Kila kizazi ni lazima uwapange watoto wote na kuwapima. Kwanza wapandwe kwenye udongo mgonjwa, uone nani anaishi. Kisha waonjwe, uone nani ameacha uchungu. Unamtafuta mtoto mmoja aliyechukua kifua cha babu na kuuacha mdomo wa babu.

Waonjaji mwanzoni walikuwa wanne. Hapa ndipo kituo kilipoonyesha kwamba elimu nyingi haizuii ujinga. Inaupigia pasi tu. Mkuu mpya aliweka utaratibu: kila mwanzo wa msimu ndimi zote zipimwe, na ulimi usiokubaliana na ulimi wa Bwana Ulimi uondolewe. Yeye ndiye kipimo. Dereva aliandika nne pale Bwana Ulimi alipoandika sifuri, akaondolewa. Katibu muhtasi aliandika tatu. Akaondolewa, akaambiwa tatizo ni dawa yake ya meno. Msimu uliofuata Mkunga aliandika tano mara tisa mfululizo, na Bwana Ulimi akaandika kwenye karatasi yake, kwa wino mwekundu na mwandiko wa kujivunia, *Ulimi mbovu*.

"Shemeji," Mkunga alimwambia siku hiyo, "kile kitunda kingeweza kuua nzi."

"Ndiyo maana wengine tunaonja na wengine mnashika kibano," akajibu.

Msimu wa tatu alibaki peke yake, na namba zikawa safi ajabu. Hakuna aliyepingana na mwenzake, maana mwenzake hakuwepo. Daktari aliyeongoza kitengo, kijana mwenye shahada tatu na uso wa mtu aliyesahau funguo, aliichora michoro ya namba hizo kwa rangi nne.

Ikafika miaka saba. Familia ya Kumi na Nne, mabiringanya makubwa ya zambarau yasiyo na mwiba hata mmoja, yalisimama kwenye udongo mgonjwa bila kuyumba. Bwana Ulimi alikuwa ameyapa sifuri vizazi vyote. Kikabaki kitu kimoja tu kabla ya mbegu kutolewa kwa wakulima: watu wa nje waonje. Wakaalikwa wauza mboga sita kutoka sokoni.

Bwana Ulimi alisimama mbele yao na koti lake jeupe, akawaeleza namna ya kutafuna. Wauza mboga wakamtazama kama unavyomtazama mtu anayekufundisha kukaa. Wakapewa vipande, vibichi na vya kuchemsha. Wa kwanza alitafuna mara mbili, akasimama. Wa pili alitemea kwenye kitenge chake mwenyewe, kitenge kipya. Wa tatu, mama mnene aliyekuwa amekaa karibu na ndoo, aliitumia ndoo vizuri, akajifuta, akamgeukia Daktari.

"Mwanangu, nyumbani mna ugomvi na nani?"

"Lina uchungu, mama?"

"Uchungu ni wa kahawa. Hili limenikumbusha marehemu mume wangu."

Wengine wakacheka huku wanatema. Bwana Ulimi akachukua kipande kwenye sahani ile ile, akatafuna hadi ishirini, akameza, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akachukua kingine.

"Maigizo," akasema. "Hawa wanataka wapewe maji ya chupa."

Na tuseme ukweli wake: aliamini hivyo. Maisha yake yote aliamini kwamba uchungu ni namna ya watu kujidekeza. Kwamba wote wanasikia kile anachosikia yeye, ukali kidogo wa ganda na ulaini wa nyama, na kwamba kule kukunja uso ni malezi mabaya. Nyani haoni kundule. Huyu alikuwa hajui hata kama nyani ana mgongo.

Alasiri hiyo Daktari akamwita ofisini. Alikuwa na nadharia. Mtu mwenye shahada tatu hakosi nadharia, hata nyumba ikiwaka. Kwa kuwa namba za miaka saba zilionyesha sifuri, na sasa tunda ni chungu, basi damu ya ndulele ilijificha na imerudi. Pori haliachi kuwa pori. Ijumaa kamati itakaa, naye atapendekeza mimea yote ing'olewe na kuchomwa, kitengo kifungwe, na Mkunga na wanawake wake sita wa vibano waambiwe asante.

"Na mimi?" akauliza Bwana Ulimi.

"Wewe una ulimi, Mzee. Utahamia nyanya. Umebakiza miaka miwili tu, hatutakugusa."

Alitoka pale amefurahi. Ndiyo, amefurahi, hatutampamba. Alipita banda la neti, akamwona shemeji yake ameinama kwenye ua la mwisho kama vile hajaambiwa kitu, akanusa hewa, akaenda zake nyumbani.

Mke wake alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alikuwa ameshapigiwa simu na mdogo wake, na habari zote alikuwa nazo, na ungo ulikuwa unarushwa kwa nguvu kuliko mchele unavyohitaji.

"Mmemfukuza mdogo wangu," akasema.

"Si mimi. Ni ndulele. Damu mbaya hairekebishiki."

Mke wake akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha chai, akampa. Bwana Ulimi akakaa kwenye kiti chake, akanywa nusu.

"Ikoje?"

"Sukari imezidi kidogo. Lakini imetulia."

"Ndiyo," akasema mke wake. "Huwa unasema imetulia."

Akaingia tena ndani, akatoka na sufuria, akaiinamisha mbele ya macho yake. Juu ya majani ya chai palielea majani mengine, membamba, yenye meno pembeni. Mwarobaini. Konzi nzima.

"Mara ya kwanza ulikuwa umeisema chai ya mama yangu," mke wake akaeleza bila haraka, kama anayesoma orodha ya dukani. "Mwaka wa pili wa ndoa. Nikasema ngoja huyu nimkomeshe. Ukanywa, ukasema leo umejitahidi. Nikadhani unanitania. Wiki iliyofuata nikaongeza. Tangu hapo kila ukiniudhi nakuchemshia. Mume wangu, umekunywa mti mzima. Mdogo wangu akija hapa tunacheka hadi mbavu zinauma."

"Huo mti hauna uchungu," akasema Bwana Ulimi.

Mke wake alimwita jirani aliyekuwa anaanika nguo ng'ambo ya ua, akampa kikombe kile kile. "Onja, dada." Jirani akaonja. Kilichotokea kwenye uso wa jirani hakikuwa malezi mabaya. Ngozi ilikimbilia katikati, macho yakatoka maji, ulimi ukatoka nje wenyewe ukining'inia kama nguo kwenye kamba yake, na hakuna mtu duniani anayeweza kuigiza hivyo bila kujiandaa na bila kulipwa.

Bwana Ulimi akakichukua kikombe, akanywa tena. Akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba iliyohama. Kulikuwa na sukari. Kulikuwa na joto. Basi.

Kesho yake, Alhamisi, aliingia ndani ya banda la neti kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Mkunga hakuinua kichwa.

"Shemeji. Umekuja kunusa?"

"Dada yako ameniambia."

"Ameniharibia. Nilikuwa nataka unywe hadi ustaafu."

Akasimama, akanyoosha kiuno, akavuta kutoka chini ya meza kopo la maziwa ya unga lililofungwa mpira. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo za kaki, zimepangwa kama meno. Kila msimu, akaeleza, alipokuwa akikusanya matunda ya kuonjwa alikata kipande chake mwenyewe nyuma ya banda. Likiwa chungu, alitia nukta ya penseli kwenye lebo. Yasiyo na uchungu yalikuwa machache, mawili msimu huu, moja msimu ule, na Bwana Ulimi, ambaye kwake yote yalikuwa sifuri, aliyakataa kwa sababu nyama imelegea au ganda lina harufu ya sijui nini. Yeye akahifadhi mbegu zao. Kopo lilikuwa na mistari mitano, yaani koo tano za mbegu, iliyoishi kwenye udongo mgonjwa na isiyo na uchungu. Wajukuu wa ndulele walioacha mdomo wa babu walikuwepo miaka yote, wamekaa kwenye kopo la maziwa.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilimpelekea Daktari. Akafungua faili akanionyesha mwandiko wako." Akafunga kopo. "Hadi leo mimi ni ulimi mbovu. Kesho nikipeleka hizi, wataniuliza nani amethibitisha. Nitamtaja nani, dereva?"

Bwana Ulimi alitazama maua. Hakuna mtu aliyemwomba kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Angeombwa, angekataa kwa raha. Akinyamaza, angehamia nyanya na koti lake jeupe, miaka miwili, kisha zawadi ya saa ya ukutani. Kopo lingechomwa pamoja na mimea. Akisema, basi miaka ishirini na sita ya mlango kufungwa na simu kuzimwa ilikuwa ya mtu aliyekuwa anahesabu hadi ishirini tu.

Ijumaa kamati ilikaa saa nne. Mwenyekiti alikuwa bwana wa suti ya kijivu aliyeheshimu sana vitafunio vilivyokuwa mbele yake. Daktari alionyesha michoro yake ya rangi nne, akafika kwenye damu iliyojificha, akaisema vizuri, na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Mkunga alikuwa amekaa nyuma kabisa na kopo mapajani.

Bwana Ulimi akaingia na ndoo yake. Mkono mwingine ulikuwa na sahani, na kwenye sahani palikuwa na vitunda vya manjano alivyovichuma mwenyewe nyuma ya jalala la kituo, mikono imechanwa miiba. Ndulele yenyewe, isiyochanganywa na mtu. Hakusalimia. Akakata kipande, akaweka mdomoni, akatafuna. Moja, mbili, tatu. Watu wakamwona akihesabu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri lifti. Ishirini. Akatema kwenye ndoo, akasukutua, akatafuna mkate. Akachukua chaki, akaandika ubaoni chini ya michoro ya Daktari: sifuri.

"Hiyo ndiyo namba yangu," akasema. "Ndiyo namba ya miaka yote."

Mwenyekiti akacheka, akadhani ndulele ya hapo imefugwa. "Kumbe siyo mbaya," akasema, akachukua kipande kidogo kwa vidole viwili, akakiweka mdomoni. Akafika mbili. Vitafunio vyote alivyokuwa amevila tangu saa nne vikakumbuka vilikotoka, na tai yake, ambayo ilikuwa ya hariri, haikuvaliwa tena.

Katika ghasia ile ya leso na maji, Bwana Ulimi akainua sauti kidogo, akaelekeza kidole nyuma ya chumba. "Mimea haina kosa. Kosa ni hili hapa." Akagusa mdomo wake. "Ulimi mzima uko pale nyuma, umekaa na kopo. Niliuandika mbovu mimi."

Hakusema samahani. Neno hilo lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake, na huenda nalo lina ladha asiyoisikia. Lakini mbegu za kopo zilipandwa, na mimea ya Familia ya Kumi na Nne ndiyo iliyochomwa. Daktari akapata nadharia mpya, akaichora kwa rangi tano. Wanawake wa vibano wakabaki. Waonjaji wakawa watano: Mkunga, dereva, katibu muhtasi, mama mnene wa sokoni, na mlinzi wa getini, aliyeapa kuacha vitunguu siku za kazi na akaapa tena wiki iliyofuata. Kila mmoja alijazia karatasi yake kwenye kona yake.

Bwana Ulimi hakuhamishiwa nyanya. Alipewa ndoo. Aliwapitishia waonjaji maji na mkate, akamwaga walichotema, akaosha sahani, akajibiwa salamu kwa kadiri walivyojisikia. Mlinzi alimjibu kila siku kwa ukamilifu, habari za nyumbani, habari za watoto, kwa adabu iliyouma kuliko tusi.

Msimu wa kuonja ulipofika, Mkunga alikaa kwenye kiti alichokuwa akikalia Bwana Ulimi. Matunda manne ya watoto wa mistari ile yalipita vizuri. La tano, lililorithi mdomo wa babu, alilitafuna mara tatu, akakunja uso, akatema, akanyoosha mkono apewe maji, akaandika nne. Bwana Ulimi alikuwa amesimama hapo na ndoo. Alimtazama uso wake kwa makini, kama mtu anayetazama sherehe kupitia dirishani.

"Shemeji," akasema, na sauti haikuwa na pua ndani yake. "Ukoje huo uchungu?"

Mkunga akasukutua, akatema, akamfikiria kwa muda. Alionekana anatafuta neno la haki.

"Kama wewe," akasema. "Haya, shika ndoo vizuri, la sita linakuja."